Kutoka Bajeti ya Halmashauri hadi Sahani ya Mtoto: Namna ya Kupanga Viazi Lishe kwa Kata Moja

Mipango mingi ya viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa, hukwama kwa kosa moja la hesabu: huanzia kwenye marando, yale mashina ya kupandia. Halmashauri inanunua marando laki moja, inayagawa, picha zinapigwa, ripoti inapelekwa mkoani. Hakuna aliyeuliza laki moja hiyo ni milo mingapi, ya nani, na italiwa mwezi gani. Mwongozo huu unageuza hesabu: unaanza na sahani, kisha unarudi nyuma hadi shambani, kwenye kitalu, kwenye maji, na mwisho kwenye kifungu cha bajeti. Tumeuandika tukiwa na Kanda ya Ziwa akilini, ambako kiazi kitamu ni chakula cha kila siku na si cha kubahatisha, lakini hesabu ni ileile popote.

Sababu ya kuhangaika na kiazi cha rangi ya chungwa inajulikana. Utafiti wa afya wa taifa wa 2010 ulikuta karibu theluthi moja ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa vitamini A. Kiazi cheupe hakina vitamini hiyo kwa kiasi cha maana. Cha rangi ya chungwa kinayo, na kipande cha gramu 125, yaani kama ukubwa wa mayai mawili ya kuku, kinatosha mahitaji ya siku ya mtoto ambaye hajaanza shule.

Hesabu ya kaya moja

Usipange kwa mtoto peke yake. Sufuria ni moja, na hakuna mama atakayemchemshia mtoto gramu 125 huku wengine wakitazama. Chukua kaya ya watu watano, mlo mmoja wa kilo moja na nusu, mara nne kwa wiki. Hiyo ni kilo 6 kwa wiki. Viazi huchimbwa kidogokidogo kwa kufuata nyufa za matuta, na uchimbaji huo unaweza kwenda wiki 12 kabla fukusi hawajaharibu vilivyobaki. Kwa hiyo kaya inahitaji kilo 72. Ongeza vitakavyotobolewa, vitakavyokuwa vidogo mno na vitakavyoliwa na nguruwe wa jirani: weka kilo 90.

Shamba likitunzwa vizuri hutoa kilo 1 kwa mita moja ya mraba. Matuta yakiwa mita 1 kati ya moja na jingine, na marando sentimita 30 kati ya moja na jingine, mita 90 za mraba zinahitaji marando 300. Shamba lililochoka likitoa kilo 0.6, utahitaji mita 150 na marando 500. Ukisikia mradi umegawa marando 50 kwa kila kaya, jua umegawa milo ya wiki mbili, labda tatu.

Kitalu kinakula muda na maji

Tuseme kata yako inalenga kaya 200 zenye mjamzito au mtoto chini ya miaka miwili. Kaya 200 mara marando 300 ni marando 60,000, na yote yanatakiwa wiki ileile mvua zinapoanza. Huyapati kwa kupiga simu.

Marando hukatwa vipande vifupi vyenye macho matatu (vifundo vinamochipulia majani) na kupandwa kitaluni kwa nafasi ya sentimita 20 kwa 10, yaani vipande 50 kwa mita moja ya mraba. Macho mawili yafukiwe, moja libaki juu. Kwa tahadhari, kadiria kila kipande kitatoa marando mawili ya sentimita 30 baada ya wiki 8 hadi 10. Wapo wanaopata zaidi, lakini mpango usijengwe juu ya mkulima hodari kuliko wote.

Anza na mita 150 za mraba. Unahitaji vipande 7,500, ambavyo hutoka kwenye marando safi 3,750 hivi. Baada ya wiki kumi unavuna marando 15,000, unakata kila moja vipande viwili, unapanua kitalu hadi mita 600. Wiki kumi nyingine, una 60,000. Jumla ni wiki 20. Mvua zikitarajiwa katikati ya Novemba, kitalu cha kwanza kiwe ardhini mwishoni mwa Juni.

Sasa tazama maji, kwa sababu Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Kitalu kinahitaji takriban lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku. Mita 600 ni lita 3,000, sawa na ndoo 150 za lita ishirini. Hakuna kikundi cha akinamama kitakachobeba ndoo 150 kila siku kwa miezi miwili, na wala wasiombwe. Ama kitalu kiwe kando ya ziwa au bondeni chenye pampu, ama ukigawe vitalu vinne vya mita 150 kwa watu wanne wenye visima vyao. Tunapendelea njia ya pili: kitalu kimoja kikishambuliwa na virusi au mbuzi, vitatu vinabaki.

Mbegu ya kuanzia itoke kituo cha utafiti wa kilimo, kama TARI Ukiriguru, au kwa mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu. Marando ya jirani yanaweza kuonekana mazuri huku yana virusi. Ugonjwa unaoumiza zaidi huja virusi viwili vinapokutana kwenye mmea mmoja, kimoja kikiletwa na vidukari na kingine na inzi weupe: majani yanajikunja, yanakuwa membamba, mmea unadumaa, na mavuno yanaweza kupotea kwa zaidi ya nusu. Mmea wa hivyo kitaluni ung'olewe siku hiyohiyo na kufukiwa. Kitalu kikae mbali na mashamba ya viazi ya zamani, mita 100 ukiweza.

Kalenda ya pesa na kalenda ya mvua

Hapa ndipo sera inapokutana na udongo, na hapa ndipo inapoteleza. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani. Halmashauri yenye watoto 40,000 inapaswa kuwa na shilingi milioni 40 za lishe. Pesa hiyo mara nyingi hutumika kwenye vikao, posho za usimamizi na maadhimisho, si kwa ubaya, bali kwa sababu idara ya kilimo haikuleta ombi wakati bajeti inaandikwa.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kitalu kinataka pesa Juni. Ukisubiri fungu la robo ya kwanza, ambalo linaweza kutoka Septemba, marando yako yatakuwa tayari Januari wakati mvua za kwanza zimeshapita. Kwa hiyo kitalu cha kwanza kiandikwe kwenye robo ya nne ya mwaka unaoisha, Aprili hadi Juni, na upanuzi wake kwenye robo ya kwanza ya mwaka mpya. Ni vifungu viwili katika miaka miwili ya fedha kwa msimu mmoja wa kupanda. Mweka hazina atauliza kwa nini. Mwonyeshe hesabu ya wiki 20.

Ombi liandikwe na afisa kilimo na afisa lishe kwa pamoja na lipite kwenye kamati ya lishe ya halmashauri. Mikataba ya lishe inayosainiwa na wakuu wa mikoa na kushuka hadi wilayani inakupa nguvu ya kudai. Usiombe "kuhamasisha viazi lishe". Omba marando 3,750, pampu moja, neti ya kufunikia kitalu, nauli ya kusambaza na siku nne za mafunzo ya mapishi. Kifungu chenye idadi ni kigumu kukikata.

Jambo moja la kujihadhari nalo: mifumo ya ruzuku imezoea mbegu ya mfuko inayokaa dukani miezi. Marando yakikatwa yana siku mbili tatu kivulini. Kwa hiyo usiyapitishe kwenye ghala la wilaya. Yatoke kitaluni moja kwa moja hadi kijijini, asubuhi, yakiwa yamefungwa mafungu ya 100 na kufunikwa magunia yenye unyevu.

Aina: usishindane na mdomo

Aina za kwanza za rangi ya chungwa zilizoletwa kutoka nje zilikuwa na maji mengi. Watoto walizipenda, watu wazima wakazikataa, na mwenye shamba ni mtu mzima. Kazi kubwa ya watafiti wa Afrika Mashariki ilikuwa kuchanganya rangi ya chungwa na ule ukavu wa ungaunga uliozoeleka. Robert Mwanga wa Uganda, mmoja wa wanne waliopata Tuzo ya Chakula Duniani 2016, ndiye aliyeongoza uzalishaji wa aina kama Kabode na Vita. Tanzania ina pia Mataya na Ejumula. Ejumula ni tamu na yenye unga, lakini hushikwa na virusi upesi. Ipande tu pale penye marando safi ya kubadilisha kila baada ya misimu miwili.

Kabla ya kuchagua, chemsha aina mbili tatu pamoja na kiazi cheupe cha pale kijijini, weka kwenye sinia bila majina, na waite akinamama, wazee na wanunuzi wa sokoni waonje. Kisha panda aina mbili, si moja.

Nani apewe, na wapi

Orodha ya mtendaji wa kijiji itakupa wakulima wazuri. Kliniki itakupa wajawazito. Bungoma na Busia, Kenya, mradi wa Mama SASHA ulitoa vocha kwa wajawazito wanapohudhuria kliniki, nao wakazipeleka kwa mzalishaji wa marando wa karibu. Ni mpango wa kuigwa, kwa sababu mama anapata marando na ushauri siku moja, na mzalishaji analipwa kwa vocha alizopokea, si kwa marando aliyosema amegawa. Vocha iwe na tarehe ya mwisho inayoendana na mvua. Pasipo vocha, tumia siku ya afya na lishe ya kijiji.

Mafunzo yasiwe marefu. Kati ya 2006 na 2009 Msumbiji na Uganda zilifikisha viazi lishe kwa kaya zaidi ya 24,000, na waliofundishwa kwa takriban mwaka mmoja hawakupitwa sana na waliofundishwa kwa muda mrefu na kwa gharama kubwa zaidi.

Jikoni

Rangi ndiyo vitamini. Kila kinachofifisha rangi kinapunguza lishe. Chemsha viazi na maganda yake, maji kidogo, sufuria imefunikwa, dakika 20 hadi 30. Vitamini A huhitaji mafuta ili ifyonzwe: ponda na karanga zilizosagwa, maziwa, au kijiko cha mafuta ya alizeti. Kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea, ponda hadi kilainike, ongeza maziwa, na kiwe kizito kiasi cha kutodondoka kwenye kijiko.

Usukumani viazi huanikwa vikawa michembe au matobolwa. Ni akiba nzuri ya njaa, lakini usiihesabu kama chanzo cha vitamini A: jua, hewa na miezi ya kukaa ghalani vinaondoa sehemu kubwa. Hali kadhalika unga wa viazi lishe unaouzwa kwenye mifuko inayopitisha mwanga. Ukitaka kusindika, uza viazi vilivyochemshwa na kupondwa kwa waoka mikate na maandazi, viishe wiki hiyohiyo.

Matembele yaliwe pia, ila mama asichume zaidi ya robo ya majani kwa mara moja, maana kiazi hukua kwa kulishwa na majani hayo. Na matone ya vitamini A ya kila miezi sita yaendelee. Kiazi hiki hakileti chuma wala protini ya kutosha. Maharage na dagaa wana kazi yao.

Kupima

Usiulize "mnavipenda viazi lishe?" Kila mtu atasema ndiyo. Wiki ya sita baada ya kupanda, tembelea kaya 30 ulizochagua kwa kura, pima matuta kwa hatua, hesabu nafasi ambazo rando limekauka. Wakati wa mavuno uliza mambo mawili: mtoto mdogo alikula nini jana, tangu kuamka hadi kulala, na wiki iliyopita alikula kiazi cha rangi ya chungwa mara ngapi. Wakiwa na viazi shambani na mtoto hajala, tatizo ni jikoni au sokoni. Pasipo viazi shambani, rudi kwenye kitalu.

Mbegu ya msimu ujao

Bila hatua hii utanunua marando kila mwaka. Wakati wa kuvuna, kila kaya ichague viazi 40 vya ukubwa wa kati, visivyo na kidonda wala tundu la fukusi, kutoka mimea isiyo na majani yaliyojikunja. Viache kivulini usiku mmoja. Chukua beseni, tandaza mchanga mkavu uliopoa, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, panga tabaka la pili, maliza kwa mchanga wa kina cha vidole vinne. Mchanga uliotoka juani moja kwa moja utavipika. Wenye unyevu utavichipusha mapema. Beseni likae ndani, mbali na moto na kuku. Kila mwezi kagua, toa vilivyooza.

Wiki sita hadi nane kabla ya mvua vitoe vikiwa na machipukizi, uvipande bustanini sentimita 50 kwa 50, mwagilia kila siku mbili. Kimoja kikitunzwa kinaweza kutoa marando 40. Ukikata, acha sentimita 15 za shina karibu na ardhi: fukusi hutaga mayai hapo, na ukilichukua shina hilo unampeleka mwenyewe shambani.