Namna ya Kulitambua Gita la Fender la Mwaka 1951 Lisilo na Jina

Mnunuzi anayeanza kulikagua gita la Fender la mwaka 1951 kwa kusoma maandishi ya kichwani, yaani kwenye ncha ya shingo, anaanzia mahali ambapo mghushi amejiandaa zaidi. Magita ya umeme ambayo wakusanyaji huyaita Nocaster hutambulikana kwa neno ambalo halipo, na kwa mtu mwenye wembe na nia mbaya hakuna kazi nyepesi kama kuondoa neno. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye mbao, chuma na waya, na stika unaiacha mwisho.

Inafaa kwanza kujua jinsi neno hilo lilivyotoweka. Mwaka 1950, katika mji wa Fullerton, California, Leo Fender, mwenye kampuni ya Fender, alianza kuuza gita la mwili mgumu, usio na uwazi kama wa gita la kawaida, lililoitwa Esquire, na kabla ya mwaka huo kuisha lile lenye pikapu mbili (vinasa sauti vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi) lilipewa jina la Broadcaster. Kampuni ya Gretsch, iliyokuwa tayari ikiuza ngoma kwa jina la Broadkaster, ililalamika mapema mwaka 1951. Fender hawakubishana. Walichukua stika walizokuwa nazo, wakakata sehemu yenye neno Broadcaster, wakabandika sehemu iliyobaki na neno Fender peke yake. Hali hiyo iliendelea kwa miezi kadhaa hadi jina la Telecaster lilipoanza kutumika mwaka huohuo. Jina la Nocaster lenyewe halikuwahi kuandikwa kiwandani wakati ule. Ni la wakusanyaji waliokuja baadaye.

Kutokana na historia hiyo, gita linaloletwa kwako likiwa na neno Fender pekee linaweza kuwa kitu kimojawapo kati ya vinne: Nocaster halisi, Telecaster ya mwanzo iliyofutwa jina, Esquire iliyoongezwa pikapu, au gita la kisasa lililochakazwa makusudi. Hiyo Esquire iliyoongezwa pikapu ndiyo inayowanasa hata wajuzi. Miili mingi ya Esquire ilichongwa kiwandani ikiwa na tundu la pikapu ya mbele, tundu ambalo lilifichwa chini ya bamba jeusi la kukinga mikwaruzo. Mtu akiweka pikapu ya pili humo, hakuna mbao mpya iliyochongwa ya kumfichua. Likague basi bamba lenyewe: tundu la pikapu lililokatwa kiwandani huwa na kingo safi, na uchakavu wake hulingana na ule wa kingo za nje, lililokatwa nyumbani mara nyingi huonyesha alama za msumeno au tupa, na ukingo wake una rangi mbichi.

Kabla hujashika bisibisi, litazame gita zima kwenye mwanga wa jua. Mwili ni wa mbao ya ashi, na rangi yake ya manjano iliyopauka ni nyembamba kiasi kwamba mistari ya mbao huonekana chini yake. Shingo ni kipande kimoja cha mbao ya mepo, bila ubao wa vidole uliobandikwa juu, na freti zake 21, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyoikata shingo kwa upana, zimepigiliwa moja kwa moja katika shingo hiyo. Mgongoni mwa shingo utaona ukanda mweusi wa mbao ya mjozi, unaoziba mfereji uliopitishiwa fito ya chuma ya kuizuia shingo isipinde. Esquire za kwanza kabisa hazikuwa na fito hiyo, lakini Nocaster lazima iwe nayo. Kichwani, nyuzi mbili nyembamba hushikiliwa na kidude cha mviringo kama kitufe. Kile chenye umbo la kipepeo kilikuja katikati ya miaka ya 1950, na kikiwapo uliza kwa nini.

Uchakavu wa shingo unastahili muda wako mrefu kuliko kitu kingine chochote cha nje. Mahali ambapo mpigaji amebana kodi (noti zinazopigwa pamoja) za mwanzo kwa miaka mingi, laka inayoikinga mbao huisha, mbao ikabaki wazi na jasho likaingia ndani mpaka ikawa ya kijivu, huku sehemu za juu karibu na mwili zikibaki na laka yake. Freti za asili zingekuwa zimelika mahali hapohapo. Ukiona madoa ya kijivu yaliyosambaa sawasawa toka mwanzo hadi mwisho wa shingo, au shingo iliyochakaa sana yenye freti ambazo hazijaguswa wala hakuna dalili kwamba zilibadilishwa, una haki ya kutia shaka. Fender wenyewe wamekuwa wakitengeneza Nocaster za kuchakazwa tangu miaka ya 1990, na toleo la kukumbuka Telecaster ya 1952 lilianza 1982, hivyo hata nakala halali za kiwandani sasa zina vipuri vilivyozeeka kikwelikweli.

Daraja, mahali nyuzi zinapoegemea kwenye mwili, ni bamba la chuma lenye kingo zilizokunjwa, na juu yake kuna vipande vitatu vya shaba ya manjano, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili. Nambari ya gita imegongwa kwenye bamba hilo, na hapo ndipo pana udhaifu: daraja hufunguliwa kwa skrubu chache tu na kuhamishiwa gita jingine. Tena nambari hizo hazikufuata tarehe kwa utaratibu, kwa hiyo nambari ndogo haithibitishi kwamba gita ni la mapema. Sumaku za pikapu ya nyuma zote ziwe na urefu mmoja, vichwa vyake vikiwa bapa. Skrubu za asili kwenye bamba jeusi na daraja ni za bisibisi bapa. Zile za bisibisi ya nyota zilichukua nafasi yake polepole. Angalia pia ikiwa mifuo ya skrubu imeliwa na bisibisi huku tundu lake kwenye mbao likiwa jipya.

Sasa fungua. Legeza nyuzi, ondoa skrubu nne za mgongoni, kisha itoe shingo taratibu bila kuipindisha. Kwenye kisigino chake, ile sehemu inayokaa ndani ya mwili, tarajia tarehe iliyoandikwa kwa penseli, pengine pamoja na herufi za fundi. TG za Tadeo Gomez ndizo zinazojulikana zaidi. Tarehe hii ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote, kwa sababu inapaswa kuangukia katika miezi ile ya mwaka 1951 ambapo neno lilikuwa limekatwa. Shingo ya mwisho wa mwaka isiyo na neno Telecaster ni ya kutiliwa shaka kubwa. Penseli ya zamani huwa imezama katika mbao na imefifia pamoja nayo. Inayong'aa juu ya mbao iliyopigwa msasa upya haina maana yoyote. Mwili nao unaweza kuwa na tarehe yake ndani ya matundu, na tarehe mbili zinazokaribiana zina thamani kuliko moja.

Inua bamba lenye swichi na vitufe vya kudhibiti sauti utazame lehemu. Ya zamani imefifia, haina mng'ao, na waya zake zimefunikwa kwa kitambaa. Kabla ya kufungua kwenyewe ungeweza kusikiliza: katika mfumo wa asili, swichi ya kuchagua pikapu ikiwa mbele hutoa sauti nzito iliyozibwa na kapasita, kifaa kinachopunguza ukali wa sauti, katikati hutoa pikapu ya mbele kwa sauti yake ya kawaida, na nyuma hutoa pikapu ya daraja, huku kitufe cha pili kikichanganya humo sauti ya pikapu ya mbele badala ya kupunguza ukali. Wapigaji wengi walibadilisha mfumo huu, nami singelikataa gita kwa ajili hiyo pekee.

Chumba kikiwa na giza, pitisha taa ya urujuanimno. Laka ya zamani ya nitroselulosi hutoa mng'ao hafifu wa kijani na manjano. Sehemu iliyopakwa upya huonekana tofauti kabisa na jirani yake. Ielekeze taa kichwani, kwenye stika, na hapo ndipo jina linapopata zamu yake. Chini ya neno Fender tafuta kivuli cha herufi, mkwaruzo uliojazwa, au eneo dogo la laka lisilofanana na kichwa kizima. Ukingo wa stika iliyokatwa kwa mkasi kabla ya kubandikwa ni mmoja, mkali. Neno lililokwanguliwa baadaye huacha mbao iliyoguswa.

Muuzaji akikataa shingo isitolewe, mwombe picha za kisigino na za ndani ya vidhibiti zilizopigwa mbele yako au mbele ya fundi mnayemwamini nyote. Akikataa hilo pia, mlipe bei ya gita zuri la zamani lisilothibitishwa, au mwachie gita lake.