Kumbukumbu za familia: anza na wazee

Kabla ya kuandika chochote, keti na wazee. Rekodi kwa simu, dakika 45 hivi kwa kikao; ukizidisha, mzee huchoka na majibu hufupika. Usiulize "Maisha yalikuwaje zamani?" Swali pana huzaa jibu la juujuu. Mpe picha ya zamani, umuulize nani amesimama wapi, na hasa nani hayumo na kwa nini. Hapo visa hutiririka. Ndugu wawili wakipingana kuhusu tukio moja, andika kauli zote mbili: ubishi huo uko katika familia nyingi, na msomaji hujiona humo. Tarehe zihakiki kwa vyeti na barua. Siri ya mtu aliye hai, omba ruhusa yake kwanza.