"Raw" si "mbichi" kila mahali

Ukikuta "raw" kwenye maelezo ya Kiingereza ya mapishi au ushonaji, usikimbilie "mbichi". Jiulize: ni kazi gani haijafanywa? Nyama haijapikwa. Sukari haijasafishwa ikawa nyeupe. Kitambaa, ukingo haujapindwa. Hapo ndipo nilipoteleza: nilimwambia fundi pale Biashara Street kwamba ukingo ni mbichi, akaipapasa nguo akitafuta maji, maana kwetu nguo mbichi ni ile isiyokauka. Tazama doti ya leso inapokatwa katikati. Pale mkasi ulipopita nyuzi zaanza kuchomoka. Hiyo ndiyo "raw edge", na ndiyo fundi anayoipinda. Ile miisho iliyofumwa kiwandani haichomoki, basi haiitwi hivyo hata kama haijaguswa na cherehani.

Swali hili la kazi isiyofanywa lakwama kwenye korosho. Pakiti yaweza kuandikwa "raw" na korosho zake zishapitishwa kwenye joto, kwa sababu mafuta ya ganda huchoma ngozi na lazima yaondolewe. Kilichobaki ni kukaanga tu.