Alizeti hadi mabilioni: faida irudi kazini

Anza na hesabu kabla ya kununua gunia la kwanza la alizeti. Mtaji wa shilingi milioni 10 ukikua kwa asilimia 25 kila mwaka, faida yote ikirudi kazini, hufika karibu milioni 93 baada ya miaka 10, milioni 867 baada ya miaka 20 na bilioni 8 baada ya miaka 30. Ukila nusu ya faida, baada ya miaka hiyo 30 unabaki na milioni 342 hivi. Kasi hiyo wachache huimudu muda wote, lakini pengo hilo ndilo linalomtenga tajiri mkubwa na mtu mwenye maisha mazuri tu. Kwa hiyo jipangie mshahara, usiuvuke, na ghorofa la Dodoma mjini lisubiri.

Singida na Dodoma bei ya alizeti huwa chini wakati wa mavuno, maana kila mkulima anataka fedha kwa siku zilezile. Nunua kwa mizani, si kwa debe wala lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Pepeta, anika hadi unyevu usizidi asilimia 9, kisha panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Mbegu mbichi zikirundikwa hupata joto na kuota ukungu, na mafuta yake huharibika ladha.

Kilo 100 za mbegu kavu na safi hutoa takribani lita 25 hadi 30 mashineni, pamoja na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, kilo 60 au zaidi. Wengi hupoteza hapa: wanahesabu mafuta, mashudu wanamwachia mwenye mashine, na yeye anawauzia wafugaji. Lipa ukamuaji kwa fedha, uondoke na mashudu yako.

Usishikilie mzigo wote ukingoja bei ipande. Ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje ukipunguzwa, bei ya alizeti hushuka. Uza kwa mafungu, ubakize fedha za msimu ujao. Na mkopo wa miezi 12 usijengee ghala: ghala hurudisha fedha kwa miaka mingi, marejesho yanaanza mwezi ujao, na wewe utalazimika kuuza mbegu kwa bei ya hasara.

Kununua na kuuza pekee kuna kikomo. Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida, anamiliki kundi la kampuni lililotoka kwenye uchuuzi wa familia likaingia viwandani, mafuta ya kula yakiwemo. Kinachomfanya mtu bilionea ni hisa za kampuni inayozalisha, si fedha zilizolala benki. Basi mapema, mauzo yakiwa bado madogo, sajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, itenganishe na mfuko wa nyumbani, na hesabu zake zikaguliwe kila mwaka. Bila hesabu hizo, benki haitakupa mkopo wa kiwanda wa miaka mitano, na mbia mwenye mtaji hatajua hisa zako azinunue kwa bei gani.