Joto la moshi wa jikoni: anza na mafuta

Kama jiko la mgahawa wako lina feni inayovuta moshi kutwa nzima, joto lile linaweza kupasha maji ya kuoshea vyombo kabla hayajaingia kwenye hita. Ila adui ni mafuta. Yakiganda kwenye mapezi (vibati vyembamba) ya kibadilisha joto, yaani kifaa kinachohamisha joto la moshi kwenda kwenye maji, joto halipiti vizuri, na utando ule unaweza kushika moto. Kwa hiyo kifaa kikae baada ya vichujio vya mafuta, mapezi yake yawe yameachana, kiwe na mlango wa kukisafishia na trei ya kukingia matone. Mimi napendelea koili, yaani bomba lililokunjwa-kunjwa, yenye maji yanayozunguka ndani yake. Aina ile nyingine, gurudumu la kuhamishia joto linalozunguka kati ya hewa chafu na hewa safi, iache kabisa, itarudisha harufu na mafuta ndani.

Lakini punguza kwanza hewa unayoitupa. Kuziba pembeni mwa kofia ya kuvutia moshi kwa bati husaidia; feni ya kubadilisha kasi ndiyo zaidi, maana ukishusha kasi kwa asilimia 20, umeme inaoula hupungua karibu nusu. Na kama una chumba cha baridi, joto la kompresa yake halina mafuta wala masizi. Kwa kupasha maji, ningeanzia huko.