Bega Lililoumizwa na Chanjo Marekani: Namna ya Kudai Fidia

Sindano ya chanjo ikichomwa juu mno hukosa msuli na kuingia ndani ya bega. Kiungo huvimba kwa ndani, na mtu aweza kukaa miezi hawezi hata kuchana nywele. Ikiwa ulichomwa Marekani, huanzi kwa kushtaki kliniki wala kiwanda. Unadai kwenye mfuko wa serikali uliotokana na sheria ya mwaka 1986, na uraia si sharti.

Angalia kwanza ni chanjo ipi. Ya mafua ya msimu, pepopunda na homa ya ini B zimo. Ya mkanda wa jeshi haimo. Ya UVIKO-19 ina mfuko wake, wenye ukomo wa mwaka 1 tangu kuchomwa, na huo haulipii maumivu wala wakili.

Tangu Machi 2017 jeraha hili limo kwenye jedwali la sheria, yaani orodha ya majeraha yanayotambuliwa. Maumivu yakianza ndani ya saa 48, yakabaki kwenye bega lililochomwa tu, bega likapungua kunyanyuka, na kusiwe na ugonjwa wa awali au mwingine wa kulieleza, sheria inachukulia kuwa chanzo ni chanjo. Ni lazima pia athari zizidi miezi 6, au uwe ulilazwa na kupasuliwa. Ukomo wa kufungua dai ni miaka 3 tangu dalili ya kwanza.

Madai mengi hukwama kwenye makaratasi. Rekodi ya chanjo haitaji mkono, au inataja wa kushoto na wewe unaumwa wa kulia: omba marekebisho mapema. Kosa baya zaidi ni kukaa nyumbani ukimeza vidonge vya dukani, kwa sababu hivyo haviandikwi popote. Nenda kwa daktari mapema, umtajie tarehe ya sindano na siku maumivu yalipoanza, kisha uhakikishe ameandika. Kusanya pia rekodi za matibabu za miaka 3 kabla ya chanjo. Zitatumika kupima kama bega lilikuwa zima.

Dai hufunguliwa Mahakama ya Madai ya Shirikisho, Washington, dhidi ya Waziri wa Afya. Malipo ya maumivu hayazidi dola 250,000. Gharama za matibabu na mshahara uliopotea huhesabiwa mbali. Wakili hulipwa kwa amri ya mahakama, hata ukishindwa, mradi dai lilikuwa la nia njema na lenye msingi. Anayekutaka asilimia ya fidia yako anavunja sheria, tafuta mwingine.