Gari inachemsha? Cheki haya kwanza kabla hujaita fundi

Kwanza kabisa, injini ikiwa ya moto usifungue mfuniko wa rejeta jamani, yale maji yana presha yanaunguza vibaya, subiri ipoe kabisa. Ikishapoa angalia kulanti (maji ya kupozea injini), kama imepungua weka boksi chini ya gari usiku, asubuhi utaona inapodondokea. Haivuji popote na bado inapungua? Chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa jua gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake) inaweza kuwa imeungua, usiwashe tena hilo gari.

Kama kulanti ipo, jiulize inachemsha wapi. Kwenye foleni tu, shida mara nyingi ni feni, cheki fyuzi na rilei (swichi ya umeme ya feni), vitu vya bei ndogo hivyo. Ukipanda mlima kwenda Marangu, mara nyingi rejeta imeziba au termostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) imeganda, dalili yake ni hozi moja ya rejeta ya moto sana nyingine baridi.

Na mfuniko wa rejeta watu wanausahau sana, kazi yake ni kushika presha ili maji yachelewe kuchemka, Arusha tupo kama mita 1400 juu ya bahari, bila presha maji yanachemka karibu nyuzi 95, kwahiyo mfuniko uliochoka huku unasumbua mapema kuliko Dar.